Jina Lisikae Chini

"Serafina Alois," mtendaji wa kijiji alisoma. Hakuna aliyesogea. Akasoma tena, na safari hii akaongeza neno lililoandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu. "Serafina Alois, marehemu. Nani amekuja kwa niaba?"

Dafrosa alikuwa ameshainuka. Yeye ndiye mdogo wa marehemu, na alikuwa ametoka Nachingwea na watoto wawili wa dada yake kuja huku Chinongwe kuchukua magodoro na mablanketi ya watu waliokumbwa na mafuriko. Kabla hajafika mezani, Eusebio, wa miaka mitano, akanyoosha kidole juu kama wanavyofundishwa darasa la awali.

"Yupo," akasema. "Huyu hapa."

Alikuwa anamwonyesha dada yake, Winfrida, wa miaka kumi na moja.

Watu wa nyuma walicheka. Wa mbele, wale waliokuwa wakikaa bondeni na waliokuwa wamezika, hawakucheka. Mtendaji akaweka kalamu chini. Alikuwa kijana wa kutoka Singida, mwaka wake wa kwanza huku kusini.

"Binti, wewe unaitwa nani?"

Winfrida alimtazama kwanza mama yake mdogo usoni. "Serafina."

"Na shuleni?"

"Winfrida."

"Sasa mimi niandike yupi?"

"Mwache mtoto, mtendaji," akasema bibi mmoja aliyekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. "Amepokea jina. Kwani kwenu hakuna?"

"Kwetu mtu akifa tunamzika na jina lake, bibi." Akapekua karatasi. "Hapa nina watoto wawili, magodoro mawili. Sasa kama huyu ndiye mama, mtoto amebaki mmoja, na godoro limebaki moja."

Alisema kwa utani, na akacheka mwenyewe kwanza mpaka wengine wakamsaidia. Dafrosa naye akacheka, kwa sababu alihitaji magodoro yote mawili. Akaandika jina lake palipoonyeshwa, akasema asante mara mbili. Winfrida hakucheka. Aliinama akamfunga mdogo wake kamba ya kaptura, akajitwisha godoro kubwa kichwani, akatangulia njiani kwa mwendo wa mtu mzima, wa kutogeuka nyuma.

Jina lilikuwa limepokelewa siku ya arobaini. Katika ukoo wa Alois jina la aliyekufa halikai chini. Likikaa chini linatangatanga, linaita, na wanaolisikia mapema ni watoto. Kwa hiyo kabla watu wa msibani hawajatawanyika, mwanamume wa upande wa mama anauliza nani analipokea. Anayekubali anapakwa unga wa mtama kwenye paji la uso, anafungwa kanga ya marehemu, na kuanzia hapo ndiye yeye. Anaitwa hivyo, anaitika hivyo. Na hamlilii marehemu tena, maana mtu hajililii mwenyewe. Padre anayajua hayo yote. Huja asubuhi, anasoma misa, anakunywa chai na kuondoka kabla unga haujatolewa ndani.

Wa kwanza kuulizwa alikuwa Dafrosa. Kaka yao, Evarist, alimwuliza mara tatu mbele ya watu, na mara tatu Dafrosa akasema, "Kaka, siliwezi." Hakueleza kwa nini. Mwanamke mwingine wa tumbo lile hakuwepo, isipokuwa mtoto. Eusebio alikuwa na siku ya tatu anakataa kula, anamwita mama yake mlangoni. Winfrida akasimama mwenyewe, bila kusukumwa, akasema, "Nipeni mimi." Wanawake wakapiga vigelegele huku wengine wakifuta macho, na jioni ile Eusebio alikula ugali.

Ndipo kila mtu akasema mambo yamekwenda vizuri.

*

Nyumba ya Dafrosa ipo nje kidogo ya mji wa Nachingwea, nyuma ya maghala ya korosho. Vyumba viwili na sebule, uani mkorosho mmoja na turubai la kuanikia ufuta. Mumewe Fidelis ni mlinzi wa ghala, kwa hiyo mchana analala, na nyumba nzima imezoea kuongea kwa sauti ya chini.

Alasiri ile, baada ya magodoro kuingizwa ndani, Winfrida alimkalisha Eusebio kwenye beseni akamwogesha. Dafrosa alikuwa anapepeta ufuta hatua tano kutoka hapo, akiwa amewapa mgongo.

"Mama," Eusebio alisema.

"Naam."

"Ulitokaje kwenye maji?"

"Nilishakuambia."

"Niambie tena."

"Nilishika mti."

"Mti gani?"

Winfrida akamsugua shingo. "Mwembe wa jirani, wa kina Anuari."

"Jana ulisema mkorosho."

"Nilianza na mkorosho. Ukang'oka. Ndio nikashika mwembe."

Eusebio alifikiri, akaridhika na hilo. Akapiga maji kwa viganja. Halafu akauliza, kwa sauti ileile, "Na Dada Winfrida, yeye hakushika?"

Ungo wa Dafrosa ukasimama hewani. Alisubiri msichana acheke, au aseme wewe mjinga nini, Winfrida si ndiye mimi. Alisikia maji yakimwagwa, kata moja, kata ya pili.

"Hakushika," Winfrida akasema. "Funga macho, sabuni itaingia."

Dafrosa alipogeuka, mtoto alikuwa anafutwa kwa kanga ya marehemu, ile ya rangi ya zambarau, na Winfrida amepiga magoti akimwelekea, uso wake mkavu kabisa. Dafrosa akarudi kwenye ungo. Angesema nini? Maneno yote aliyoyapata yangeanza na jina, na hakujua aanze na lipi.

*

Shuleni walikuwa watoto saba waliohamia kutoka bondeni. Mwalimu Hadija, aliyekuwa amehudhuria semina ya siku tatu Lindi kuhusu watoto wenye majonzi, aliwakusanya kila Jumatano baada ya vipindi. Semina iliwapa daftari lenye picha za kuchora. Yeye aliliacha nyumbani, akaja na mfuko wa korosho za maganda.

"Msizitie mdomoni, mnajua zinavyounguza," aliwaambia. "Kila mmoja achukue korosho moja kwa ajili ya mtu wake aliyeondoka. Aiweke hapa kwenye mkeka, ataje jina. Akitaka kuongeza neno, aongeze. Asipotaka, basi."

Mvulana wa darasa la sita, Imrani, alikuwa wa kwanza. "Babu Mudrik," akasema, kisha akaongeza, "alikuwa na redio." Wenzake walitikisa kichwa. Wote waliijua ile redio. Mwingine aliweka mbili, akataja mapacha. Mkeka ulianza kupata sura, na watoto walikuwa wanausogelea kama wanaota moto.

Winfrida alikaa na mikono mapajani.

"Winfrida," mwalimu akaita. Msichana alikuwa anatazama dirishani. "Winfrida." Akaita mara ya tatu, kisha akasogea akamgusa bega.

"Kwetu hakuna," Winfrida akasema kwa adabu.

"Hakuna nini?"

"Hakuna aliyekufa."

Imrani akafungua mdomo, mwalimu akamzuia kwa jicho. Wakati huo Eusebio alikuwa ameshatambaa mpaka kwenye mfuko. Alichagua korosho, akairudisha, akachagua kubwa zaidi. Akaiweka katikati ya mkeka.

"Ya Dada Winfrida," akasema. "Alikuwa ananibeba mgongoni."

Akalia. Alilia kwa sauti, akiwa amesimama, mikono ameiachia, na watoto wengine wakaanza kulia naye kwa sababu kilio cha namna hiyo hakimwachi mtu. Winfrida alikwenda akamfuta kamasi kwa ncha ya sketi, akampakata.

"Nyamaza, mwanangu," akamwambia. "Mama yupo."

*

Mwalimu Hadija alipiga hodi kesho yake saa kumi. Dafrosa alimpa kiti, yeye akaendelea na ufuta wake chini, kwa kuwa mikono isiyo na kazi ingemwonyesha.

Mwalimu alieleza yote, bila kuongeza. Alisema kwamba kwenye mahudhurio Winfrida haitiki jina lake, na kwamba wiki hii alimwandika hayupo siku mbili huku amemwona kwa macho amekaa dawati la tatu.

"Mtoto anamlea mdogo wake," Dafrosa alisema. "Ubaya uko wapi? Wangapi wanalea?"

"Kulea siyo tatizo, mama."

"Nyie mkienda semina mkirudi mnatuona wachawi. Hii ni mila yetu."

"Mimi ni Myao, mama. Bibi yangu mzaa mama alikufa nikiwa darasa la pili, na jina lake analo shangazi yangu mpaka leo, nikimwona nampigia magoti. Siji kupinga mila." Mwalimu akachukua punje chache za ufuta, akazipukuta kiganjani. "Ila kwetu jina hupewa mtu mzima. Mtoto hulipokea kama watu wazima wamekwisha, au wamekataa. Kwenu ilikuwaje?"

Dafrosa akapepeta. Vumbi la ufuta likawafunika wote wawili.

"Walikataa," akasema.

"Nani?"

Mlango wa chumbani ukafunguka, Fidelis akatoka na msuli wake, macho mekundu ya usingizi. Alikuwa amesikia.

"Shikamoo mwalimu, maana mwalimu ni mwalimu," akasema, ingawa Hadija ni mdogo kwake. Akakaa kizingitini. "Mwambie, Dafrosa. Au nimwambie mimi? Alikataa huyu hapa. Tangu siku ile hali, halali. Mimi nikirudi asubuhi nakuta anakitazama kile kitoto kikikoroga uji, yeye kakaa kama mgeni."

"Fidelis, ukalale."

"Nitalalaje? Nyumba hii ina marehemu wawili na mmoja wao ananitengea chai."

Mwalimu Hadija alisimama, akajipangusa. Mlangoni alisema jambo moja tu. "Yule mdogo ameshamzika dada yake. Na dada yake amekubali kuzikwa. Mimi najua kufundisha hesabu na Kiswahili, mama. Hili liko kwenu."

*

Evarist ni fundi seremala. Karakana yake ipo barabarani, upande wa Chinongwe, paa la makuti na benchi moja refu. Mwezi wa mafuriko alitengeneza masanduku tisa, la sita likiwa la dada yake, na tangu hapo amekuwa mtu wa maneno machache. Dafrosa alimkuta anapiga randa ubao wa mlango. Wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye gogo, wanasubiri.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Watoto?"

"Wapo. Kaka, nimekuja kwa ajili ya jina."

Randa iliendelea. "Jina limefanya nini?"

"Nataka kulipokea mimi."

Mmoja wa wateja akakohoa. Evarist hakuinua kichwa. "Jina siyo kanga, leo unajifunga wewe, kesho unamwazima mwenzio. Uliulizwa mara tatu. Watu walikuwepo. Hata hawa walikuwepo. Hamidi, hukuwepo?"

"Nilikuwepo," mteja akasema, akitazama viatu vyake.

"Alisemaje?"

"Alisema haliwezi."

"Haya. Leo limekuwa jepesi?"

Dafrosa aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Angependa waende nyuma ya karakana wakaongee kama ndugu. Lakini Evarist hakuonyesha dalili ya kusogea, na basi la mwisho la kurudi lilikuwa la saa tisa.

"Jumanne mvua ilipoanza, Serafina alinipigia," akasema. "Akaniambia mdogo wangu, maji yamefika kwenye migomba, naomba nije na watoto. Mimi nilikuwa na wageni wa ukweni, wamejaa mpaka sebuleni. Nikamwambia subiri Jumapili, wageni wanaondoka. Akasema haya. Hata hakukasirika. Maji yalimchukua Ijumaa." Alivuta pumzi. "Sasa nilipokeeje jina la mtu niliyemwambia asubiri?"

Randa ilikuwa imesimama. Wateja wote wawili waliinuka, wakasema wanakwenda kununua sigara, wakaondoka pamoja ingawa mmoja wao havuti.

Evarist alipukuta maranda kwenye ubao kwa muda mrefu. "Na mimi alinipigia," akasema hatimaye. "Jumatano. Nikamwambia barabara ni tope, gari halipiti. Gari lilikuwa linapita. Nilikuwa namalizia kitanda cha mtu."

Hawakutazamana. Lori la mbao likapita, vumbi likatua juu ya benchi.

"Njoo Jumapili na unga," Evarist akasema. "Uyaseme hayo uliyoyasema, mbele ya walewale. La kwangu liache hapa."

"Nimekuelewa, kaka."

"Na mtoto akubali mwenyewe. Anayeachia ni yeye, siyo wewe wala mimi. Akisema hapana, tumekwama wote."

*

Mtoto alisema hapana.

Alikuwa anachagua mchele uani. Dafrosa alikaa mkabala naye, akamweleza taratibu, kwamba yeye ni mkubwa, kwamba mwalimu ameuliza, kwamba Jumapili watakwenda kwa mjomba. Winfrida alitoa jiwe, akalitupa. Akatoa lingine.

"Hapana, mama mdogo."

"Kwa nini, mwali wangu?"

"Wewe ulilikataa."

"Nilikosea."

"Eusebio hali ukimtengea wewe. Na hujui kumkata kucha, unamkata nyama."

"Nitajifunza."

"Hujui mama alikuwa anamwambiaje akikojoa kitandani."

"Utanifundisha."

Vidole vya msichana vilikuwa vinakwenda haraka sasa, vinatupa mchele na mawe pamoja. "Nikiliachia," akasema, na sauti ikawa ndogo, "nikiliachia, mama atakuwa amekufa."

Hapo Dafrosa akaelewa. Siku zote hizo hakuna ndugu aliyemwambia mtoto huyu wazi. Siku ya maji alikuwa hospitali na homa, amefunikwa blanketi na watu asiowajua. Siku ya kuzika walimficha kwa jirani, eti asiogope. Arobaini walimpa unga na kanga. Walimwambia mengi, kwamba mama amepumzika, kwamba mama ameitwa, kwamba mama ndiye wewe. Neno lenyewe walilipitia pembeni kama watu wanaozunguka shimo.

Dafrosa akasogeza sinia kando, akamshika mikono yote miwili.

"Winfrida. Mama yako amekufa."

Msichana akajaribu kuvuta mikono.

"Alikufa Ijumaa, kwenye maji. Walimwona Jumamosi mchana, chini ya daraja. Mimi ndiye niliyemwosha, na bibi yake Anuari. Alikuwa na lile gauni la kijani. Hakuwa ameumia usoni. Mjomba wako alimtengenezea sanduku, akalipiga msasa mpaka ndani, tukamwuliza ndani kwa nini, akatufukuza. Tulimzika juu, penye mwinuko, maji hayafiki. Wewe hukuwepo kwa sababu tulikuficha. Tulifanya vibaya. Amekufa, Wini. Hata ukiitika jina lake mpaka uzeeke, amekufa."

Winfrida hakulia. Alimtazama mama yake mdogo kama anayesikiliza kitu kilicho mbali, anataka kuhakikisha ni chenyewe.

"Chini ya daraja," akarudia.

"Ndiyo."

"Hakushika mti."

"Hatujui alishika nini."

Mchele ulikuwa umemwagika, kuku wameshaingia. Hakuna aliyewafukuza. Baada ya kitambo Winfrida aliinama, akaanza kuokota punje moja moja kutoka mchangani.

"Anasema, hata mto unakojoa," akanong'ona. "Akikojoa kitandani. Mama alikuwa anamwambia hivyo, hata mto unakojoa, twende tukaanike. Halafu anacheka."

"Hata mto unakojoa," Dafrosa alirudia, ili ayakariri.

*

Jumapili ilikwenda kama Evarist alivyosema. Padre alimaliza chai yake na kuondoka. Dafrosa alisimama mbele ya watu walewale akasema habari ya Jumanne, ya simu, ya wageni, ya kusubiri. Mwanamke mmoja alisema "mh" kwa sauti ya kusikika. Mwingine alisema alijua tu kulikuwa na kitu. Evarist alikuwa amesimama kando ya mlango, mikono nyuma, na Dafrosa hakumtazama hata mara moja.

Winfrida alijifungua ile kanga ya zambarau mwenyewe. Aliikunja mara nne, akaipiga pasi kwa kiganja, akaitoa kwa mikono miwili. Mikono ilipobaki mitupu hakujua aiweke wapi, akaiweka kichwani, na kilio kikatoka. Kilikuwa cha siku zote kwa pamoja. Wanawake waliinuka kumnyamazisha kwa mazoea, bibi yake Anuari akawarudisha kwa fimbo yake.

"Mwacheni," akasema. "Sasa ana wa kumlilia."

Eusebio aliangalia yote hayo kutoka miguuni mwa mjomba wake. Alipoona dada yake analia bila kanga, na watu wanamwita Winfrida, Winfrida, alimkimbilia akamkumbatia kiunoni. Uso wake ulikuwa umejaa furaha mpaka watu wakaona vibaya kumtazama.

"Winfrida, umerudi," akasema. "Nilikuwekea korosho."

Kisha akatazama nyuma, kumtafuta mama. Wakamwonyesha Dafrosa, amepakwa unga, amefungwa zambarau. Eusebio alimkagua kutoka juu mpaka chini.

"Huyu ni mama mdogo," akasema.

Hakuna aliyembishia.

Jumatatu Winfrida alikwenda shule. Jina lake lilipoitwa alichelewa kidogo, halafu akasema, "Nipo," na Mwalimu Hadija akaweka alama yake bila kuinua macho, asije akamwaibisha. Nyumbani Fidelis aliamka saa nane, akamkuta mkewe uani na wembe mpya, amempakata Eusebio, anajaribu kumkata kucha.

"Nimeoa Dafrosa, sasa naishi na shemeji," akasema. "Nikuamkieje?"

"Niamkie ukitaka kula."

"Shikamoo shemeji."

"Kalale."

Akaenda. Kwa majirani upande wa pili wa ua, mtu aliita, "Serafina, una chumvi?" na ikachukua muda kidogo, kisha Dafrosa akaitika kwamba anayo, aje achukue. Hilo litaendelea hivyo. Hata akifa, watauliza nani analipokea jina la Serafina, na la Dafrosa litakuwa limeshazikwa bila msiba.

Alimaliza kidole kidogo bila kutoa damu. Eusebio alikuwa anafuatilia wembe kwa makini, hakuwa amemwamini bado.

"Mama," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza. Alilisema kwa kujaribu, kama mtu anayeweka mguu kwenye tope asilojua kina chake. "Ulitokaje kwenye maji?"

Mkono wenye wembe ukasimama.

"Sikutoka," akasema.

Eusebio akamtazama usoni. "Hukushika mti?"

"Sikutoka, mwanangu. Nilifia humo."

"Sasa uko wapi?"

"Juu, kwenye mwinuko, kwa mjomba wako. Pana msalaba aliouchonga yeye. Jumamosi tutakwenda, wewe na mimi na Winfrida. Utaniwekea korosho."

Mtoto akaegemeza kichwa kwenye kifua cha Dafrosa, pole pole, kama anapima iwapo kitambeba, halafu machozi yakaanza kumtoka bila sauti, yakidondokea kwenye kanga ya zambarau. Mkono wake hakuuvuta. Aliunyoosha zaidi, kidole gumba mbele.

"Hiki bado," akasema.

Upande wa pili wa ua jirani alikuwa anakuja na kibakuli cha kuchukulia chumvi. Dafrosa alikaza macho kwenye ukucha. Naye alitaka kulia, lakini mtu hajililii mwenyewe. Akakata ukucha wa gumba, akashika kidole kinachofuata.